Somo kwa Kamati za Vyama: Alternata Inayokatika Sikio Kila Mara



Kwa desturi ukurasa huu wa masomo hushughulika na daftari la fedha, mizania na taratibu za mikutano. Leo nimeomba nafasi ya kufungua boneti ya gari. Sababu yake ni hoja ya ukaguzi niliyoiandika mimi mwenyewe mwaka jana katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, hoja iliyomsimamisha dereva kazi kwa miezi miwili na ambayo baadaye ilinibidi niifute. Chama hicho sitakitaja, wala gereji iliyohusika sitaitaja. Makosa niliyoyaona huko nimeyaona pia, kwa sura nyingine, katika vyama vingine vyenye magari ya zamani.

Gari lenyewe ni pikapu ya Land Rover 109, toleo la Series IIA, ambalo lilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia mwaka 1961 hadi 1971. Tarakimu 109 ni inchi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, yaani karibu sentimita 277. Injini yake ni ya petroli, silinda 4, ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Chama hulitumia kuteremsha kahawa kutoka vituo vya mlimani ambako malori hayafiki wakati wa mvua, na wanachama hawataki kusikia habari ya kuliuza.

Magari ya toleo hilo yalitoka kiwandani yakiwa na dinamo. Dinamo ya Lucas aina ya C40, iliyofungwa katika mengi ya hayo, hutoa kiasi cha ampea 22 tu, na injini inapozunguka polepole hutoa kidogo zaidi ya hapo. Toleo lililofuata, Series III, lililoanza mwaka 1971, lilipewa alternata. Ile ya Lucas aina ya 16ACR hutoa ampea 34. Kwa hiyo wenye magari ya zamani aghalabu huondoa dinamo na kuweka alternata, na si uamuzi mbaya. Kamati ya chama hiki iliamua hivyo kwa sababu dereva alikuwa akirudi usiku na taa hafifu. Muhtasari wa kikao upo na umetiwa sahihi.

Sasa tazameni hati za malipo kama nilivyozikuta mezani. Zilikuwa hati 6, zote za gereji moja. Ya kwanza ilikuwa ya kununua alternata iliyokwisha tumika na kutengeneza breketi ya kuishikia. Miezi 5 baadaye ikaja hati ya mkanda wa feni na bolti. Baada ya miezi 3, alternata nyingine. Baada ya wiki 10, alternata nyingine tena pamoja na kuchomelea breketi. Baada ya wiki 6, kuchomelea breketi mara ya pili. Baada ya wiki 4, alternata ya nne. Nikajiuliza, chama chenye pikapu moja kinafanya nini na alternata 4 katika muda unaokaribia miezi 13? Nikaandika kwamba ununuzi huo hauelezeki, kwamba yumkini vipuri vinauzwa nje, na kwamba Kamati imtake dereva maelezo. Kamati haikungoja maelezo. Ilimsimamisha wiki ile ile.

Niliyaona majina na kiasi cha fedha, lakini tarehe sikuzitazama kwa makini. Laiti ningaliziandika katika mstari mmoja, ningaliona jambo ambalo mwizi hawezi kulipanga kwa urahisi: nafasi kati ya hati moja na nyingine ilikuwa inapungua kila mara. Miezi 5, miezi 3, wiki 10, wiki 6, wiki 4. Kitu kilikuwa kinazidi kuharibika mahali fulani ndani ya gari lile, na kila matengenezo yalikuwa yanakiacha palepale kilipokuwa.

Dereva alikuja ofisini kwa Katibu siku niliporudi kufuatilia hoja. Ni mtu mzima kunizidi, nami humwita Mzee. Hakuja na maneno mengi. Aliweka juu ya meza kopo la maziwa ya unga, akalimimina. Ndani yake mlikuwa na vipande 3 vya aluminiamu, bolti 2 zilizokatika na nusu ya washa. Akasema, "Bwana Mkaguzi, mimi sijui kuandika ripoti. Lakini kila kilichovunjika nimekitunza, kwa sababu nilijua siku moja nitaulizwa."

Vipande vile vitatu vilikuwa masikio ya alternata. Nawaomba msomaji na mjumbe wa Kamati wafahamu neno hili, maana ndilo kiini cha somo. Alternata hufungwa kwenye injini kwa masikio yake: moja la mbele, upande wa puli, na moja la nyuma. Bolti hupita katika masikio hayo na katika miguu ya breketi iliyofungwa ubavuni mwa injini. Sikio lingine dogo, juu, hushikwa na ubapa wenye tundu refu ambao hutumika kukaza au kulegeza mkanda. Nilipovipanga vile vipande, niliona kwamba vyote vitatu vilikuwa vya nyuma, na vyote vilikatika karibu mahali pamoja, kwenye shina la sikio. Alternata tatu, kutoka magari matatu tofauti, haziwezi kuwa na ugonjwa mmoja wa kuzaliwa.

Tulimwita fundi mmoja mstaafu anayeishi jirani na kituo. Alitoa waya wa betri kwanza, akaondoa mkanda, kisha akalegeza nati ya bolti ya nyuma bila kuichomoa bolti yenyewe. Mara tu nati ilipolegea, mguu wa breketi ulijivuta nyuma ukaliacha sikio, na nafasi ikaonekana kati yake. Tuliipima kwa rula ya chuma: milimita 4. Fundi hakusema kitu. Aliikaza nati tena, mguu ukaja ukabana, nafasi ikapotea. Akailegeza, ikarudi. Alifanya hivyo mara tatu mbele ya Mwenyekiti na Katibu, nami nikahisi uso wangu unapata joto.

Maelezo yake ni haya. Dinamo ni kitu kirefu, kama mkebe mrefu wa chuma. Masikio yake yamepishana mbali. Alternata ni fupi. Breketi iliyotengenezwa gereji ilichukua vipimo kwa kukadiria, na nafasi iliyobaki kati ya sikio la nyuma na mguu wa breketi ilijazwa kwa washa zilizorundikwa. Alternata ya kwanza ilipofunguliwa, washa zilianguka, na aliyeirudisha hakujua kwamba zilikuwa na kazi. Aliona nafasi, akaifunga kwa nguvu ya spana. Tangu hapo kila bolti iliyokazwa ilikuwa inalipinda sikio la nyuma kwa milimita 4, hata kabla injini haijawashwa. Chuma cha kawaida kingepinda kikatulia. Aluminiamu ya kumiminwa kwenye kalibu haipindi. Hupata ufa mwembamba usioonekana kwa jicho. Mtetemo wa injini, mamia ya mara kwa dakika, huurefusha ufa huo kidogo kidogo mpaka sikio linaachia.

Watengenezaji walijua hatari hii. Katika alternata za Lucas za aina ya ACR, sikio la nyuma lina bushi ya chuma inayoteleza: bolti inapokazwa, bushi husogea yenyewe ikajaza nafasi, na sikio halivutwi. Lakini bushi hiyo ikishika kutu haisogei, na alternata zilizotoka katika magari ya aina nyingine huenda hazina kitu kama hicho kabisa. Alternata iliyokuwa imefungwa siku ile haikuwa nayo.

Na kwa nini muda ulikuwa unapungua? Fundi alichomoa bolti akatuonyesha tundu la mguu wa breketi. Halikuwa la mviringo tena. Lilikuwa limelika likawa kama yai. Kila alternata iliyovunjika ilikuwa imecheza ndani ya tundu lile kabla ya kukatika, ikalipanua kwa ajili ya inayofuata. Kuchomelea nako kulikuwa kumeongeza ubaya. Breketi ilichomelewa ikiwa garini, ikajivuta kwa joto, na puli ya alternata ikatoka katika mstari wa puli ya krenki na ya pampu ya maji. Hilo ndilo lililokuwa linakula mkanda upande mmoja.

Hapa nieleze jambo ambalo Kamati hazina budi kulielewa. Katika injini hii mkanda mmoja huzungusha feni, pampu ya maji na dinamo au alternata kwa pamoja. Sikio likikatika, alternata huinama, mkanda hulegea au huruka, na pampu ya maji husimama. Betri isiyochajiwa itakufikisha nyumbani ukizima taa. Pampu ya maji iliyosimama haitakufikisha popote. Injini itachemka kwa dakika chache, gaskati ya silinda hedi itaungua, na huenda silinda hedi yenyewe ikapinda. Mara ya tano yule Mzee aliona taa nyekundu ya chaji ikiwaka akiwa katikati ya kilima na magunia ya watu nyuma. Alizima injini papo hapo, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akatembea kwa miguu mpaka kituoni. Katika daftari la safari aliandika maneno mawili tu: "Gari bovu." Nami nikayasoma maneno hayo kama kisingizio.

Tiba ilichukua asubuhi moja. Breketi ilitolewa, tundu lililolika likajazwa kwa kuchomelea juu ya meza, si garini, kisha likatobolewa upya kwa kipimo cha bolti. Mguu wa nyuma uliongezewa kipande cha pembetatu cha kuutegemeza ili usicheze. Baadaye alternata ilifungwa kwa bolti ya mbele tu, ikasogezwa mpaka puli zikalingana. Kwa kupima ulinganifu walitumia uzi uliovutwa kutoka puli ya krenki hadi ya alternata. Uzi ukigusa kingo zote mbili za kila puli bila kukunjika, mstari ni mzuri. Fundi yule hakubali kosa linalozidi milimita 2. Hapo ndipo nafasi ya nyuma ilipopimwa kwa hakika, na kijibomba cha chuma, ambacho mafundi hukiita spesa, kikakatwa kwa msumeno na kusawazishwa kwa tupa. Kipimo chake ni hiki: kiingie kwa kusukumwa na kidole. Kikihitaji nyundo, ni kirefu, nacho kitalisukuma sikio upande wa pili na kulivunja vilevile. Kikicheza, ni kifupi. Kilikatwa kutoka kipande cha bomba kilichookotwa nyuma ya ghala, na chama hakikulipa kitu kwa ajili yake.

Bolti zilikuwa na hadithi yao. Land Rover za miaka ile zilitengenezwa kwa vipimo vya inchi, ilhali bolti zinazouzwa madukani siku hizi ni za milimita. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, bolti ya milimita 8 inaonekana kuwa ileile mkononi. Lakini hesi zao, yaani mizunguko iliyochongwa kwenye mwili wa bolti, hazifanani. Ile ya inchi yenye hesi nyembamba ina mizunguko 24 kwa kila inchi, ambayo ni umbali wa milimita 1.06 kutoka mzunguko hadi mzunguko. Ya milimita ya kawaida ina umbali wa milimita 1.25. Ukilazimisha moja ndani ya nyingine, huingia mizunguko miwili, hukaza, nawe hudhani imefika. Kumbe imekwama. Baada ya kilomita chache hulegea, na mara nyingi hutoka na hesi za tundu. Katika injini ile tulikuta bolti moja ya inchi na moja ya milimita katika breketi moja. Dereva hakuchagua hivyo, wala Katibu. Ni mtu aliyetumwa dukani kununua "bolti kama hii" bila kupewa nati ya kujaribia.

Tazameni pia kichwa cha bolti. Chenye tarakimu 8.8 ni cha chuma kigumu kinachofaa kazi hii. Kwa bolti za inchi, mistari 3 kichwani huonyesha ugumu unaokaribiana na huo. Kichwa kisicho na alama yoyote ni cha bolti ya kufungia mageti.

Mkanda ukisharudishwa, usikazwe kwa hasira. Nimewaona madereva wanaodhani kwamba mkanda ulio kama waya wa gitaa ndio salama. Mkanda wa namna hiyo huua beringi za alternata na za pampu ya maji. Ubonyezwe kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake iliyo ndefu. Ukishuka kiasi cha milimita 10 hadi 13, yatosha. Alternata isukumwe kwa kipande cha mti, na mti huo uegemezwe upande wa mbele wenye puli, kamwe usiegemezwe nyuma. Nati ya ubapa wa juu ikazwe kwanza ili mkanda usilegee, kisha zile za masikio, zikiwa na washa za springi. Halafu, na hili ndilo husahauliwa kuliko yote, zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, maana mkanda mpya hunyooka na rangi iliyo chini ya washa husagika.

Kuna sababu nyingine za matatizo haya ambazo sitazieleza kwa urefu. Raba zinazoibeba injini zikioza, injini yote hutikisika na kila kilichofungwa juu yake huteseka. Feni iliyovunjika bapa moja hufanya vivyo hivyo. Waya wa athi kati ya injini na chasisi ukikosekana, umeme hutafuta njia kupitia mahali pasipostahili. Na anayechomelea chochote garini lazima atoe kwanza waya za betri na za alternata, la sivyo ataunguza sehemu za ndani za alternata na chama kitanunua nyingine bila sikio lolote kukatika.

Fundi alipowasha injini, alipima betri: volti 14.1. Kwa gari la volti 12, kipimo kati ya 13.8 na 14.4 injini ikizunguka kwa mwendo wa wastani ni kizuri. Tangu siku hiyo miezi 9 imepita na hakuna hati mpya.

Hoja yangu niliifuta kwa barua, nakala kwa Mwenyekiti na kwa dereva mwenyewe. Suala la mshahara wake wa miezi miwili lililetwa mbele ya Mkutano Mkuu. Wapo waliosema kwamba chama hakina fungu la namna hiyo. Mama mmoja mwanachama aliuliza kama chama kilikuwa na fungu la alternata 4. Mshahara ulipitishwa. Kuhusu gereji, wajumbe waliamua kudai fedha za kuchomelea mara mbili. Majibu bado hayajapatikana wakati ninapoandika.

Kwa upande wa vitabu, nimekubaliana na chama hicho juu ya utaratibu ambao nitautafuta katika kila chama nitakachokagua mwaka huu. Kifaa chochote kinachobadilishwa, kile kibovu kirudi ofisini kikiwa na kibandiko cha tarehe na namba ya hati ya malipo, na kikae ghalani mpaka ukaguzi upite. Hati ya gereji isipokewe ikiwa imeandikwa "matengenezo ya alternata" tu. Iseme nini kilivunjika, upande gani, na kwa nini. Katika daftari la safari dereva aandike kilomita za siku ya kuharibika, na kama gari lilikuwa na mzigo. Kifaa kilekile kikiharibika mara ya pili ndani ya miezi 6, Katibu asitoe fedha za mara ya tatu kabla mtu asiye wa gereji ile hajapatazama mahali kinapofungwa.

Vyama vilivyobadilisha dinamo kwa alternata katika magari ya aina hii vinaombwa kulegeza ile nati ya nyuma, betri ikiwa imetolewa waya, na kutazama kama mguu wa breketi unajivuta. Ukijivuta, pimeni nafasi hiyo na mwandike kipimo chake ndani ya jalada la gari, ili atakayefungua baada yenu ajue kwamba kijibomba kile si takataka. Nikifika nitaomba kuliona jalada hilo kabla ya daftari la fedha.